Kikohozi Kisichosikia Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi aliinuka mzee mmoja akauliza suala ambalo kwa kulisikia tu mtu angedhani si la kuulizwa msikitini. Alisema: mtu ana kikohozi, amekwisha kutumia dawa za kuua vijidudu mara mbili na mara tatu, na kifua kingali vile vile, je, aendelee kununua dawa, au aache amtegemee Mola wake? Tungaliweza kumjibu kwa maneno machache na kuendelea na kitabu. Lakini tulitazamana, kwani kila mmoja wetu alikumbuka jambo lililotufika sisi wenyewe, na ambalo hatujawahi kulisema hadharani. Tumeona leo tuliandike, ingawa halitupi sifa.

Palikuwa na kijana katika darsa hii hii, fundi wa cherehani, mwenye bidii ya kusoma na sauti nzuri ya Qur'ani. Baada ya masika alishikwa na kikohozi. Akaenda duka la dawa la mtaani kwake, akauziwa vidonge vya siku tano bila ya kuulizwa hata amekohoa siku ngapi. Siku ya tatu alijiona nafuu, akaviacha, na vilivyobaki akampa dadake aliyekuwa na mafua. Baada ya wiki mbili kikohozi kilirudi. Akauziwa dawa nyingine, akaambiwa hii ni kali zaidi. Kikatulia kidogo, kikarudi. Akauziwa ya tatu. Huku mmoja wetu akamletea asali na habbasoda, mwingine akamwambia hicho ni kijicho cha watu kwa ajili ya ile sauti yake, na jirani yake akampeleka kwa mpiga ramli, akaambiwa ametupiwa kitu na atoe kuku. Kuku akatolewa. Siku zikapita hata ikawa miezi miwili na nusu. Kijana alikuwa amekonda hata kanzu imemshinda, na usiku akitota jasho kama aliyemwagiwa maji. Nasi tulikuwa tukikaa naye mduara mmoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu na kelele za pikipiki, tukimwambia asubiri, kwani wenye kusubiri wana ujira mkubwa.

Aliyemwokoa si sisi. Ni shangazi yake, mama asiyejua kusoma, aliyekuja kutoka Malindi kwa harusi. Alimtazama mara moja, na asubuhi yake akamshika mkono mpaka hospitali ya serikali. Kijana akatoa makohozi katika kichupa, na kesho yake ikajulikana kuwa ni kifua kikuu. Walipoitwa watu wa nyumbani kwao ili nao wapimwe, mtoto wa nduguye, mwenye umri wa miaka mitatu, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alionekana kuwa naye amekwisha kuugua. Mtoto yule hakuacha vidonge katikati, wala hakwenda kwa mpiga ramli. Kosa lake ni kuvuta pumzi karibu na mtu ambaye sisi, wenye kusoma vitabu, tulikuwa tukimwambia asubiri.

Sasa natuingie katika suala lenyewe.

Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amepokea hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, na maana yake ni kwamba kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiusibu ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Wengi wetu twaipenda sehemu ya kwanza ya hadithi hii, na twaipenda ya mwisho, lakini ya katikati twairuka. Bwana Mtume (s.a.w.) ameweka sharti: dawa iusibu ugonjwa. Mwenye kutupa mshale gizani hawezi kusema kuwa amelenga, hata kama mishale yake ni mingi na ya thamani. Basi mtu atakapomeza dawa na ugonjwa usiondoke, la kwanza kujiuliza si dawa gani iliyo kali kuliko hii. La kujiuliza ni: je, ugonjwa huu ndio ule niliodhani?

Wanazuoni wetu wa tiba waliijua kanuni hii zamani. Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyefariki katika karne ya nne ya Hijra, aliandika risala mashuhuri ya kupambanua baina ya ndui na surua, kwani watu walikuwa wakiyachanganya maradhi hayo mawili. Hakuanza na dawa. Alianza na kupambanua. Na imepokewa kuwa Imamu wetu Shafi'i, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiitukuza sana elimu ya tiba na akisikitika kuwa Waislamu wameipuuza. Leo mtu wa madhehebu yake, katika miji yetu hii ya pwani, huyapambanua mapishi ya biriani na pilau kwa harufu tu akipita njiani, lakini vifua vyote kwake ni kimoja.

Na vifua si kimoja. Madaktari watueleza kwamba vikohozi vingi vinavyotushika pamoja na mafua vyaletwa na virusi, na virusi haviuawi na antibayotiki hata ukimeza kopo zima. Kikohozi cha namna hii chaweza kubaki wiki tatu, na mara nyingine hata nane, baada ya ugonjwa wenyewe kwisha, kwa kuwa njia za pumzi zimechubuka na zahitaji muda. Mtu huyu hupona mwenyewe, naye husifu vidonge alivyokuwa akivimeza siku ile aliyopona. Mwingine ana pumu asiyoijua: kikohozi chake humzidi usiku wa manane na alfajiri, kifua kikapiga miluzi, na dawa yake ni ya kuvuta kwa kinywa. Mwingine ni kiungulia, ile asidi ya tumbo ipandayo kooni akilala. Mwingine ni moyo uliochoka, na alama yake ni miguu kuvimba na kutoweza kulala chali. Mama mpishi aliyeinamia moshi wa kuni na makaa miaka thelathini, kifua chake kina habari yake. Mvuta sigara wa miaka mingi ambaye kikohozi chake kimegeuka, huyu asichelewe hata kidogo, kwani saratani ya mapafu huanza hivyo. Na wako wazee wetu wanaotumia dawa za presha za jamii ya enalapril, ambazo baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichoisha. Tumemjua mzee aliyemaliza mwaka mzima akinunua dawa za kikohozi kinacholetwa na dawa. Mtu kama huyo asiiache dawa yake ya presha kwa hiari yake, bali amwambie daktari, naye atambadilishia.

Haya tumeyapitia kwa haraka, kwa kuwa si kazi yetu kuyatibu. Twataka msomaji aone tu kwamba katika yote hayo hapana hata moja ambalo antibayotiki ya pili au ya tatu ingalilisaidia.

Lakini kifua kikuu twataka kukikalia, kwani Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi haya, na nyumba zetu za mji wa kale, zenye vyumba vya ndani visivyo na dirisha, na vile vyumba vya kupanga ambamo watu sita hulala, ni mahali yanapopapenda. Kijidudu chake alikitangaza tabibu wa Kijerumani, Robert Koch, mwaka 1882. Kina ukuta wenye nta, ambao dawa za kawaida hazifui dafu mbele yake, na kina subira ya ajabu: vijidudu vingine huzaana kila baada ya dakika ishirini hivi, lakini hiki huchukua karibu siku nzima ili kimoja kiwe viwili. Ndiyo sababu ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Huja kidogo kidogo: kikohozi kisichoisha, homa ndogo za jioni, jasho la usiku, hamu ya chakula kupungua, mwili kukonda. Mtu huzoea. Watu wa nyumbani nao huzoea, hata mlio wa kikohozi chake huwa kama mlio wa saa ya ukutani, hapana tena anayeusikia.

Na hapa pana hila ambayo yapasa kila mtu aijue. Ziko antibayotiki, kama zile za jamii ya levofloxacin, ambazo hukipiga kijidudu hiki nusu nusu bila ya kukiua. Mgonjwa aliyeuziwa hizo kwa ajili ya kifua huona nafuu ya siku kadhaa, na hata akipimwa wakati huo ugonjwa waweza kujificha. Kisha hurudi, na huenda umejifunza kuishinda dawa ile. Kwa hiyo nafuu peke yake si dalili ya kuwa dawa imesibu. Kijana wetu alipata nafuu mara mbili.

Basi ni lini mtu aache kununua na aende akapimwe? Kikohozi kikipita wiki mbili, kwa mtu yeyote, awe ametumia dawa au hakutumia. Akiwa na homa na jasho la usiku au amekonda, asingoje hata hizo wiki mbili, na pia aliyekaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu. Akitoa damu, au akitweta akiwa amekaa, au akipata maumivu makali ya kifua, aende siku ile ile. Na akifika aseme wazi: nimekohoa siku kadha wa kadha, nimetumia dawa hizi na hizi, achukue na makaratasi yake. Hospitali za serikali hupima makohozi kwa mashine iitwayo GeneXpert, ambayo huonyesha ndani ya saa chache kama kijidudu kimo, na kama kimekwisha kuikataa dawa kubwa ya ugonjwa huu. Na dawa za kifua kikuu katika hospitali hizo hutolewa bure. Twalirudia neno hili kwa sababu tumekutana na watu waliouza pete za wake zao kwa ajili ya dawa zisizofaa, na yenye kufaa ingalipatikana bila malipo.

Tuna neno pia kwa ndugu zetu wenye maduka ya dawa. Baadhi yao ni watu wa safu za mbele, na hatuna shaka na nia zao. Lakini Abu Daud, na Nasai, na Ibn Majah wamepokea hadithi ambayo maana yake ni kuwa mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kuwa ana elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mafakihi wameijengea juu yake hukumu za dhamana na fidia. Sheria ya nchi nayo haikuruhusu dawa hizi ziuzwe bila ya cheti cha daktari. Mwenye duka atasema: nisipomuuzia mimi, atamwendea jirani yangu. Huenda ikawa kweli. Lakini mara ya tatu mtu yule yule anapokuja na kikohozi kile kile, na uso umeingia ndani, je, ni vigumu kumwambia, "Ndugu yangu, sikuuzii leo, nenda kapimwe"? Mwenye duka mmoja kati ya wasomaji wetu alitwambia kuwa ameanza kufanya hivyo, na kwamba baadhi ya waliorudi kumshukuru ni wateja wake mpaka sasa. Tumelitaja hili kwa sababu twajua biashara ina hofu zake.

Ama mpiga ramli, hukumu yake katika dini inajulikana, wala hatutaki kumpotezea wino mwingi. Tutasema moja tu: pamoja na kuharibu itikadi, huiba siku, na siku katika maradhi haya ni nyama ya mapafu. Kisomo cha Qur'ani na dua kwa mgonjwa ni jambo jingine, nalo limethubutu katika sunna. Tusomeeni wagonjwa wetu, na tuwasomee sana. Asali nayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Sura ya An-Nahl kuwa ina shifaa kwa watu, na asiyeinywa amejinyima. Lakini yule aliyeteremsha aya hiyo ndiye aliyemjaalia Mtume wake kutuamuru tujitibu pale mabedui walipomuuliza, kama alivyopokea Usama bin Sharik. Hapana aliyefahamu katika masahaba kwamba kisomo chamkataza mtu tabibu.

Mtu mmoja alitukabili kwa hoja nzuri, nasi hatutaificha. Alisema: katika Bukhari na Muslim mna kisa cha mtu aliyekwenda kwa Bwana Mtume (s.a.w.) kumshitakia tumbo la nduguye, akaamrishwa amnyweshe asali, akarudi kusema haijafaa, akaamrishwa amnyweshe tena, na tena, mpaka akapona. Je, hii si dalili ya kuwa mtu ashikilie dawa ile ile mpaka imfae? Tukamjibu: ni dalili, tena kubwa, lakini mahali pake. Yule aliyeamrisha asali aliujua ugonjwa, na aliijua dawa yake, basi palipobaki ilikuwa ni kutimiza kipimo. Sisi twamshikiza mtu dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Hadithi ya Jabir yatufundisha kutafuta dawa yenye kusibu. Hadithi ya asali yatufundisha, tukiisha kuipata, tusiiache njiani. Na sisi hufanya kinyume: dawa isiyosibu twairudia mara tatu, na dawa iliyosibu twaiacha mwezi wa pili.

Kwani hilo ndilo linalowapata wengi wa wagonjwa wa kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo kwa dawa nne pamoja, na minne iliyobaki kwa dawa mbili. Mgonjwa hujiona mzima baada ya wiki chache, uzito umerudi, kikohozi kimekatika, akasema yanini tena? Lakini vijidudu vilivyolala bado vimo. Wala wingi wa dawa si ukali wa bure. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, streptomycin, iligunduliwa mwaka 1943, na ilipojaribiwa peke yake huko Uingereza, wagonjwa walipata nafuu kisha wengi wakaanguka tena, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea. Tangu hapo madaktari walijua kwamba adui huyu hupigwa na dawa kadhaa kwa pamoja, kila moja ikimshika yule aliyeiponyoka mwenziwe.

Na ni haki vijana wetu wajue kwamba hii miezi 6 ina damu ya nchi zetu ndani yake. Zamani matibabu yalikuwa ya miezi 18 na zaidi. Wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ndio walioingia katika uchunguzi uliofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1972, ukathibitisha kuwa miezi 6 ya dawa zinazofaa yatosha. Mgonjwa wa London leo hunufaika kwa subira ya wazee wetu waliolala katika wodi za hapa. Itakuwa ajabu wajukuu wao washindwe kuzitimiza siku walizopunguziwa.

Tumwambie mgonjwa pia jambo dogo ambalo limewakimbiza wengi: mojawapo ya dawa hizi hugeuza rangi ya mkojo, hata na jasho na machozi, ikawa kama maji ya machungwa. Si damu, wala si sumu, wala si kitu alichotupiwa. Ni rangi ya dawa tu. Lakini macho yakigeuka manjano, au akitapika bila kukoma, arudi upesi kwa waliompa.

Tumebakiwa na suala la kuambukiza, nalo ndilo lenye uzito juu yetu sisi wa darsa kuliko yote. Wako wanaosema kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) amekanusha kuwapo kwa kuambukizana, basi kumwepuka mgonjwa au kufungua madirisha ni udhaifu wa imani. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini katika sahihi hizo hizo imo amri ya kumkimbia mwenye ukoma, na imo hadithi ya Abu Huraira inayomkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima, na wajumbe wa Thaqif walipokuja wakiwa na mkoma kati yao, Mtume alimpelekea habari kuwa ameikubali baia yake na arudi. Maimamu kama Bayhaqi na Nawawi wamezikusanya wakasema: kilichokanushwa ni ile itikadi ya kijahiliya kuwa ugonjwa huruka kwa nguvu zake wenyewe bila ya idhini ya Mungu, ama kwamba Mungu amejaalia kuchanganyika kuwe sababu, hilo halikukanushwa. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh akasikia tauni imeingia huko, aliwarudisha watu. Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Hapana atakayesema imani ya Umar ilikuwa dhaifu.

Kifua kikuu hupita kwa hewa. Mgonjwa akikohoa au kuimba au hata kusema kwa nguvu, chembe ndogo hubaki zikielea katika chumba kilichofungwa. Hakipiti kwa kikombe wala sahani, wala kwa kupeana mkono, basi kumtengea mgonjwa sahani yake kama mbwa ni ujinga juu ya udhia. Hupungua kwa madirisha kuwa wazi, kwa jua na upepo, na kwa mgonjwa kuziba kinywa chake. Na kuziba uso kwa mkono au kwa nguo wakati wa kupiga chafya ni mwendo wa Mtume mwenyewe, kama ilivyo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Kabla hajaanza dawa na katika wiki za mwanzo, asali nyumbani, wala asione amepungukiwa na thawabu. Mwenye kula kitunguu saumu kibichi alikatazwa msikiti kwa ajili ya harufu, seuze mwenye kukohoa madhara. Akiwa katika dawa zinazofaa, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza hupungua sana, naye daktari ndiye atakayemwambia arudi safuni. Akirudi, apewe nafasi yake.

Twasema hivyo kwa sababu aibu ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko kijidudu. Tangu mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa ajili ya korona, mtu akikohoa hadharani hutazamwa kama mwizi, basi hujifunza kukohoa kwa siri. Na wengine huogopa kwamba wakitajwa kuwa na kifua kikuu watu watasema wana Ukimwi. Wengi wa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Kenya hawana virusi vya Ukimwi. Na aliye navyo, ana haki yake ya dawa na ya sitara. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat imekataza dhana mbaya na upelelezi na usengenyi kwa pamoja, na baraza zetu za kahawa twazijua.

Msomaji mmoja ameuliza juu ya Ramadhani. Mgonjwa aliyedhoofika ana ruhusa ya wazi katika Sura ya Al-Baqara ya kula na kulipa siku nyingine. Dawa hizi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo aliyerudiwa na nguvu aweza kumuuliza daktari wake kama yafaa azimeze usiku na afunge. Jambo lisiloruhusiwa ni kuziacha dawa kwa ajili ya saumu, au kuruka siku. Kijana wetu alikula Ramadhani nzima kwa amri ya daktari, akaona uzito sana, na sasa amekwisha kulipa siku ishirini na mbili.

Yu mzima. Mtoto naye amemaliza dawa zake, na nduguze wawili wadogo ambao hawakuwa wameugua walipewa dawa ya kinga. Katika chumba cha darsa tumetia wavu wa mbu katika madirisha manne, na moja la upande wa bahari, ambalo lilikuwa limepigiliwa misumari tangu siku tusizozikumbuka, fundi amelifungua Jumatano iliyopita. Kelele za pikipiki zaingia, na msomaji hulazimika kuinua sauti.

Wabillahi taufiq.